Kabati la Filimbi

Methali isemayo samaki mkunje angali mbichi hutajwa sana mbele ya watoto, kana kwamba wao ndio wanaoonywa. Anayeonywa ni yule aliyemshika samaki mkononi. Akizubaa mpaka samaki akauke awe ng'onda, asije akamlaumu samaki. Mzee Mwinjuma wa Zinga aliisikia methali hiyo maisha yake yote, ikaingia sikio hili na kutokea la pili.

Mwinjuma alifundishwa filimbi ya bati na baba yake kabla hajang'oka meno ya utoto. Alikalishwa juu ya kinu kilichopinduliwa, vidole vyake vikapangwa tundu kwa tundu, mpaka akaujua wimbo wa ukoo wao, ule uliopigwa bibi harusi anapotolewa nyumbani kwao. Baba yake alipofariki, hakubaki mwingine aliyeweza kuupiga.

Alipokuwa mtu mzima alishikwa na uchu wa kukusanya filimbi. Alikuwa nazo za bati, za shaba, za mwanzi, hata za marefa. Alizipanga katika kabati la vioo, ufunguo akautia mfukoni. Wageni kutoka Dar es Salaam walikuja kuzipiga picha, wakamvika kilemba cha ukoka, naye akavimba kichwa.

Binti yake wa pekee, Zuhura, alizitazama filimbi hizo mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Alipoona hapewi, alikata bua la mpapai, akalitoboa, akawa anautafuta wimbo wa baba yake peke yake uani.

"Baba, nifundishe," alimwomba siku moja.

"Ukikua," Mwinjuma alijibu bila kugeuka.

Mkewe, Wahida, hakuweza kunyamaza. "Baba Zuhura, kwani wewe ulingojwa ukue? Mtoto ana hamu sasa."

"Atanijazia mate filimbi zangu!"

Mtoto ni mtoto. Alasiri moja Mwinjuma alikwenda msikitini akausahau ufunguo kabatini. Aliporudi alimkuta Zuhura na filimbi ya marehemu babu yake mdomoni. Hakuuliza kitu. Aliivuta kwa nguvu, bati likampasua mtoto mdomo wa juu. Kisha akatoka uani, akalivunjavunja na lile bua la mpapai. Huo ulikuwa ukatili, na hauna jina jingine. Tangu siku hiyo Zuhura hakuomba tena.

Miaka ikapita. Wahida alifariki dunia. Zuhura aliolewa Mapinga, na siku ya harusi yake baba yake aliupiga wimbo ule, ukawaliza wote isipokuwa bibi harusi mwenyewe.

Hatimaye kiharusi kilimpata Mwinjuma, kikampinda mdomo. Kila alipopuliza, pumzi ilimponyoka pembeni. Hapo ndipo alipoingiwa na hofu kwamba wimbo wa wazee wake ungezikwa pamoja naye. Akamwita binti yake, akamkabidhi ufunguo.

"Zote zako, mwanangu," alisema kwa tabu. "Shika ile ya babu yako. Nitakupanga vidole."

Zuhura aliichukua filimbi kwa adabu, akaigusisha kwenye kovu la mdomo wake. Hakupuliza. Aliishusha.

"Baba, nimekusamehe, Mungu shahidi yangu. Ila ile hamu sinayo. Nimeitafuta njia nzima nikija."

Machozi yalimtoka mzee. "Ulikuwa umeshaupata wimbo nusu. Nilikuwa nikikusikia uani."

"Kumbe ulikuwa ukisikia, baba? Ukanyamaza?"

Wakati huohuo mlio mwembamba ulisikika nje. Mosi, mtoto wa Zuhura, alikuwa amekata bua la mpapai na kulipuliza. Uso wa mzee uling'aa, akaunyosha mkono kuelekea mlangoni.

"Mlete huyo," alisema. "Mlete kwangu, tafadhali."

"Mosi!" Zuhura aliita kwa ukali. "Tupa hilo bua, tunaondoka."

Aliirudisha filimbi mahali pake, akalifunga kabati. Akauweka ufunguo kwenye kiganja cha baba yake, akamkunjia vidole juu yake kimoja kimoja, akatoka. Mzee alibaki akivitazama vioo. Ama kweli, samaki mkunje angali mbichi, akikauka hakunjiki.