Mchunga Bampa

Mchunga bampa hupoteza abiria. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo mumewe, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Kaeni. Methali hii ilizaliwa hapahapa Muheza, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

Palikuwa na fundi cherehani, Hizza Shekiondo, mtoto pekee wa Bi Mwanamkuu. Alipopata gari lake la kwanza alilipeleka gereji, wakakata springi, likashuka hadi likawa kama linatambaa. Lilipendeza, sikatai. Lakini bampa la mbele halikupita tuta bila kukwaruzwa. Hizza akalifungia ukanda wa mpira kwa chini, akajifunza kupanda matuta mshazari, gurudumu moja moja. Palipoinuka zaidi, aliwaomba abiria washuke ili gari liwe jepesi. Tulizoea. Hata mama yake alizoea. Alikuwa akishuka huku akitabasamu, "Gari la mwanangu lina madaha kama bibi harusi."

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, Bi Mwanamkuu alibanwa na kifua asubuhi. Pumzi ikawa haiji. Hizza akampakia pamoja na jirani yao, Bi Zaina, wakaelekea hospitali. Kila penye tuta alipunguza mwendo, akakata usukani, akasikiliza chini. Wakafika penye reli. Mvua ilikuwa imekula udongo, njia imeinuka kama ukingo. Gari likasimama.

"Pita tu, Hizza," Bi Zaina alisema.

"Bampa litang'oka, Bi Zaina. Ngoja nilipitishe gari mshazari upande huu."

Akarudi nyuma, akajaribu kushoto, akarudi tena. Ndipo mama yake akafungua mlango.

"Niache nishuke, mwanangu. Lisije likachubuka kwa ajili yangu."

Bi Zaina akamshika mkono. "Dada, huwezi kutembea!"

"Ni hapo tu, ng'ambo ya reli."

Hizza alimtazama mama yake, akalitazama bampa. Hakusema neno. Kunyamaza kule ndiko kulikomtafuna maisha yake yote.

Bi Mwanamkuu alivuka akijikongoja, Bi Zaina amemshika kiuno. Gari nalo likavuka salama, bila mkwaruzo. Hizza alipowafikia, mama yake alikuwa amelala chini, kichwa mapajani mwa Bi Zaina, midomo imebadilika rangi. Akambeba, akamlaza kwenye kiti, na sasa hakupunguza mwendo popote. Tuta la sokoni liling'oa bampa lote, likabaki barabarani. Hakugeuka. Hospitali walimpokea mama, wakamsikiliza moyo, wakamfunika shuka.

Msibani, vijana wawili walilileta lile bampa, wakamwambia kwa upole, "Kaka, hili linaungika." Hizza akalipokea, akalipakata kama mtoto. Kisha akasema, nasi tuliokuwa jamvini tukamsikia sote:

"Nilichunga bampa, nikapoteza abiria."

Watu walitawanyika na maneno yale, yakapita mdomo hadi mdomo mpaka yakapata umbo mlilolisikia leo. Basi mkimwona mtu anatunza chombo hadi anamsahau aliyekipanda, mwambieni. Lakini msimwambie kwa kicheko, maana kabla ya kuwa methali kilikuwa kilio cha mtu: mchunga bampa hupoteza abiria.