Mstari wa Majivu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge? Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Zamani hizo wanyama wakiendesha baiskeli, palikuwa na mama mmoja, Digidigi. Kila asubuhi alimpakia mwanawe Kishungi kwenye keria, wakaenda kisimani. Kring, kring! Njia ilikuwa moja tu, na Kifaru naye aliipita mbio akienda matopeni. Gudu-gudu-gudu! Kifaru mwenyewe, mwajua, haoni mbali. Juzi alimkanyaga Sungura, baiskeli na mwenyewe. Wakamzika.

Wanyama wakamlilia Tembo, bwana mipango wa mwitu. Tembo akaja mchana, Kifaru amelala. Akachota majivu kwa mkonga, akachora mstari katikati ya njia.

"Huku Kifaru, huku baiskeli. Kwisha kazi!"

Wakapiga makofi. Digidigi hakupiga.

"Bwana Tembo, Kifaru atayaona majivu?"

"We mama, hofu tu hiyo! Mstari mweupe pe, asiuone ana nini?"

Asubuhi Digidigi akampakia Kishungi, akapanda baiskeli.

"Mama, mbona unatetemeka?"

"Nishike kiunoni. Usiniachie!"

Gudu-gudu. Vumbi hilo! Gudu-gudu-gudu!

"Mama, anakuja! Mama!"

Kifaru akaukata mstari. Vuu! Baiskeli ikaruka, wakatupwa nyasini. Digidigi akainuka. Mtoto haonekani.

"Kishungi! Kishungi!"

Akapekua nyasi huku na huku.

"Kishungi, mwanangu!"

"Niko hapa, mama."

Akamkumbatia, akalia. Kisha akaokota gurudumu lililopinda, akaenda nalo moja kwa moja kwa Tembo.

"Kesho mpakie mwanao, upite naye pale, Kifaru akipita."

Tembo akamtazama mwanawe akicheza. Masikio yakamlegea.

"Mwanangu? Thubutu! Si atauawa?"

"Na wangu je?"

Tembo akaenda njiani. Kutwa nzima akabingirisha mawe makubwa, akayapanga juu ya majivu yale, jiwe kwa jiwe.

Kulipokucha, gudu-gudu-gudu! Pu!

"Aah, pembe yangu!" Kifaru akageuka, akarudi upande wake.

Na ng'ambo ya mawe, wa kwanza kupita alikuwa Tembo, mwanawe kwenye keria. Digidigi akafuata, bado anatetemeka, lakini anakanyaga pedeli.

Basi, wewe unayewapangia wenzako njia, ipange kana kwamba atakayepita ni mwanao.

Hadithi yangu imeishia hapo penye mawe. Ukipita, piga kengele.