Spika Mbili za Mloka

Mkalia spika hasikii besi. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo mwenyekiti wa kamati, mkacheka, kisha mkataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Yalizaliwa Morogoro, kwenye bendi iliyoitwa Mafiga Sauti, na yalizaliwa hivi.

Mpiga besi wa bendi hiyo alikuwa Mloka, mtu mpole, mdadisi kuliko paka. Bendi ilikuwa na sheria yake: kila mpigaji hubeba chombo chake. Mwimbaji alibeba koo lake tu na maringo yake. Mloka alibeba spika ya mbao za mninga, nzito kama ng'ombe aliyegoma, mpaka siku ilipomvunja mgongo kwenye ngazi za ukumbi. Daktari alimwambia akiinua tena mzigo ule, besi ataipiga amelala. Naye Kobelo, kiongozi wa bendi na mpiga besi wa zamani, hakuzunguka mbuyu. Alisema asiyeweza kuleta spika yake ampishe anayeweza.

Mloka alilipenda gita lake la besi kama mtoto wake. Akaanza kutafuta spika nyepesi, ingawa wenzake walimcheka. Wakati ule watu waliamini kwamba sauti nzito hutoka kwenye kitu kizito, na spika nyepesi wakaiita debe.

Fundi mmoja wa Msamvu alikuwa na mbili, nyeusi na ya kijivu, zote za plaiwudi, zote zikiinuliwa kwa mkono mmoja. Alimwazima zote azijaribu mazoezini. Atakayoipenda ataipeleka kwenye harusi ambayo bendi ingepiga Jumamosi, nyingine airudishe.

Sasa, wapiga besi wa zamani walikuwa na mtindo wao. Hawakusimama. Walikaa juu ya spika na kupiga, kwa sababu, walisema, besi husikika kwa mifupa. Mloka alikaa juu ya ile nyeusi, akagusa waya mnene. Spika ikamtetemesha kuanzia makalioni hadi menoni. Alifurahi hata akasahau mgongo. Kisha akahamia kwenye ya kijivu. Ilitulia chini yake kama kigoda cha jikoni. Akaisikitikia, akasema hii itarudi kwa fundi.

Mkewe, Siwema, alikuwa ameketi mlangoni kabisa mwa ukumbi akimngoja kwa chupa ya chai.

"Baba Chausiku," alimwuliza, "mbona leo besi umeipiga mara moja tu?"

"Mara moja vipi? Nimepiga kwenye spika mbili."

"Mimi nimeisikia ya pili. Ile ya kwanza nilidhani kuna bati limelegea darini."

Mtu mwingine angenuna. Mloka alibaki amemtazama, gita mkononi, swali likimwasha. Mtu ameketi mbali vile, amesikiaje kitu ambacho aliyekikalia hakukisikia? Akamwomba Kobelo ampigie, naye akaenda kusimama mlangoni kando ya mkewe.

Kobelo alikaa juu ya ile nyeusi, akapiga huku akitabasamu, mashavu yakimcheza. Pale mlangoni palifika mlio mkavu wa mbao zinazogongana, basi. Akahamia kwenye ya kijivu, akapiga huku akitikisa kichwa kama mtu aliyefika msibani. Na Mloka akasikia besi yake ikimjia nene, ya mviringo, ikampiga kifuani. Siwema alikuwa ameanza kutikisa mguu bila kujijua.

Mloka hakutaka kulala na swali lile. Alichukua bisibisi akazifungua spika zote mbili hapo hapo. Ya kijivu ilikuwa na mihimili ndani, imeegemezwa ukuta kwa ukuta, isiyumbe. Ile nyeusi ilikuwa tupu, na kuta zake nyembamba zilicheza ukizigusa kwa kidole.

"Kumbe nguvu yote inaishia kulitikisa sanduku," alisema polepole, "na sisi tuliolikalia."

"Achana na mambo ya misumari," alisema Kobelo. "Nimeikalia mwenyewe. Nyeusi ndiyo spika."

"Shemeji," alisema Siwema, "kwani waalikwa Jumamosi watakuja kuikalia?"

Kobelo hakukubali. Alisema ya kijivu ikiiaibisha bendi, Mloka asirudi Jumatatu.

Jumamosi Mloka alipanda ngazi na spika ya kijivu mkono mmoja. Akaiweka, akasimama mbali nayo kadiri kebo ilivyomruhusu. Wimbo ulipoanza aliogopa kweli kweli. Mifupa yake haikusikia kitu. Alipiga kama mtu anayeongea na ukuta, na Kobelo, aliyekuwa ameketi juu ya spika ile kwa mazoea, akamkaripia, "Besi iko wapi?"

Mloka hakuwa na pa kuangalia isipokuwa mlangoni. Huko nyuma, mbali na jukwaa, bibi wawili waliokuja kwa ajili ya pilau tu walikuwa wameinuka vitini, wamefunga kanga viunoni, wakikanyaga kila pigo la besi pale pale lilipotua. Hofu ikamtoka.

"Kiongozi," alisema bila kuacha kupiga, "shuka uende kwa wale bibi. Mkalia spika hasikii besi."

Kobelo alishuka akaenda. Hakurudi jukwaani mpaka wimbo ulipokwisha, na aliporudi, shati lilikuwa limelowa jasho la kucheza.