Siku Mvua Aliposhtakiwa Shengena

Mnauliza kwa nini huku juu Shengena ukungu unashinda mitini na maji yanadondoka hata siku isiyonyesha, ilhali ukiteremka upande wa machweo unapokewa na vumbi. Basi kaeni vizuri, maana jambo hili sisi Wapare tulilipata kwa haki, hatukuliokota njiani.

Enzi hizo Mvua alikuwa msafiri asiye na kituo. Alitoka baharini amejitanda shuka lake jeupe, akapita juu ya mlima wetu bila hata kugeuza shingo, na kwenda kumwaga kila alichobeba kwenye tambarare za machweo. Kule nyasi zilimfika ng'ombe tumboni. Huku juu palikuwa na mawe, majani makavu na upepo.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Nakiete, mjane mfupi, mkaidi, mwenye shamba la maharage begani mwa mlima. Ukoo wake ulikuwa umeshakata shauri: maharage yakikauka tena, kila mtu afunge mzigo ateremke kuomba ardhi kwa wenye ng'ombe. Nakiete alikuwa amemzika mumewe palepale nyuma ya nyumba, na mama yake pia. Wazo la kuwaacha peke yao, aende kuishi kwenye ardhi ya watu kwa kuhurumiwa, lilimkosesha usingizi. Kila alipoliona lile shuka likipita, moyo ulimchemka.

Sasa, isale mnalijua, lile jani refu tunalopanda mpakani. Likishapandwa, anayevuka bila ruhusa ana kesi ya kujibu, awe jirani, awe mkwe. Nakiete akapanda masale kuzunguka shamba lake lote. Watu walimcheka, wakadhani njaa imempanda kichwani. Mpaka wa nini, na shamba lenyewe halitamaniwi hata na panya? Asubuhi moja Mvua akapita kama kawaida yake. Nakiete akakwea mwamba, akalidaka pindo la shuka na kulifunga kwenye shina la isale.

"Umevuka mpaka wangu," alimwambia. "Twende kwa wazee."

Baraza likakaa. Mvua alijitetea kwa upole wa mtu aliyezoea kubembelezwa.

"Wazee wangu, mimi sina mguu. Napita juu kabisa. Mama huyu anionyeshe jani moja tu nililolikanyaga."

Wazee wakatazamana. Hata Senkoro, aliyeongoza baraza, alikuna kidevu, maana hoja ilikuwa nzito. Nyuma ya umati Nakiete alisikia ndugu zake wakianza kunong'onezana habari za safari. Akasimama.

"Mzee Senkoro, nakubali mguu hana. Je, kivuli chake? Kila anapopita, kivuli kinavuka masale yangu, kinalala juu ya maharage, na jua lote linapotea. Watu wa tambarare wanapata kivuli na maji. Mimi napata kivuli kitupu. Amechukua jua langu, na badala yake hajaacha kitu."

Mvua alitazama chini, akakiona kivuli chake kimetanda uwanja mzima, juu ya vichwa vya wazee. Hakuwahi kufikiri kwamba anacho.

Senkoro akatoa hukumu. Tangu hapo Mvua asiuvuke mlima kabla ya kuketi na kukamua shuka lake. Kitakachobaki, aende nacho.

"Nimeshindwa," alisema Mvua, ambaye kwa muda ule mfupi alikuwa ameshaambukizwa tabia zetu. "Lakini nami nina neno. Nitaketi wapi? Mlima wenu hauna hata kigoda."

Nakiete ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka, na wa kwanza kukubali kwamba Mvua ana haki. Watu wakaanza kupanda miti kuzunguka kilele, wakaapa kwamba mti wa huko haukatwi bila ruhusa ya baraza. Msimu ule Mvua aliketi juu ya mawe akinung'unika, miche ikikua miguuni pake. Maharage yalizaa hadi vijiti vya kuyaegemeza vikainama. Hakuna aliyefunga mzigo.

Na tangu siku hiyo, Mvua akitoka baharini huketi kwanza mitini Shengena, na shuka lake linaloning'inia matawini ndilo tunaloliita ukungu. Hulikamua taratibu, ndiyo maana majani hudondosha maji hata siku isiyonyesha. Akiteremkia machweo shuka limeshakauka, na kule kinachostawi ni mkonge. Maji hujaa kwenye ndiva, mabwawa yetu ya kugawia maji, tukamwagilia kwa zamu, na yanayozidi huifuata mifereji hadi chini kwa wenzetu. Hao hupenda kututania kwamba Mpare huacha chakula kwa ajili ya kesi. Sisi tunawangoja wamalize kucheka, kisha tunawakaribisha wanywe, na wakishashiba tunawauliza kama wanalijua kabila jingine lililomshtaki Mvua likashinda.