Kuku wa Kumrudisha Nyamizi

Hapo zamani, si zamani sana, maana zahanati zilikuwepo, Siwema alibebeshwa siri iliyomnyima raha. Wifi yake Nyamizi alikuwa amewekewa kitanzi cha uzazi wa mpango. Alikuwa amezaa watatu mfululizo, wa mwisho nusura amtoe roho. Lakini mumewe Mihayo, kaka yake Siwema, alishasema: "Mke atakayenifungia kizazi, arudi kwao!" Basi Nyamizi akamwapisha wifi yake asimwambie mtu, naye akaapa.

Siku moja Nyamizi akamnong'oneza, "Wifi, nikiupapasa uzi wa kitanzi siupati tena."

"Si nesi alisema usipoupata urudi zahanati upesi?"

"Nikionekana pale, kaka yako ataambiwa. Nyamaza."

Siwema akanyamaza.

Tumbo likaanza kumkata Nyamizi. Mama mkwe, fundi wa kukanda matumbo, akasema, "Hili chango." Hakuuliza neno. Akachemsha mizizi, akamkanda. Siwema alishika bakuli la mafuta. Aseme, ndoa ivunjike? Anyamaze, wifi afe? Akanyamaza. Kesho yake mama akakanda tena, naye akanyamaza tena. Jamani, moyo gani huo!

Homa ikapanda, Nyamizi akaanza kuweweseka. Hapo Siwema uzalendo ukamshinda. "Mama, acha! Ana kitanzi!"

Wakamkimbiza hospitali. Daktari akakuta kitanzi kimetoboa mfuko wa uzazi, kimeingia tumboni. Akakitoa. Nyamizi akapona, lakini akaenda kwao moja kwa moja.

"Aliyenikosea alete kuku wa kuomba radhi," akatuma neno, "na aseme kosa lake kwa kinywa chake. La sivyo, sirudi ng'o."

Mihayo akafoka, "Mimi nibebe kuku? Mimi niliyefichwa ndani ya nyumba yangu?"

Mama akasema, "Nilikanda ninachokijua. Mngeniambia, ningemgusa?"

Wote wakamgeukia Siwema. "Wewe ulijua!"

"Nilijua," akasema huku analia. "Lakini kaka, nani alimtia hofu? Mama, mbona hukuuliza? Na Nyamizi mwenyewe si aliniapisha, na nesi si alimwonya? Ningeendelea kunyamaza, leo si tungekuwa matangani?"

Kuku amefungwa mguu mlangoni. Ndani, mtoto mdogo anamlilia mama yake, hanyamazi.

Haya, mnaonisikiliza, msiangalie chini. Nani alistahili kumbeba kuku yule?