Kadi Iliyogoma na Kanga Isiyo na Jina

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mababu bali ni hii ya juzi mliyoiona kwa macho yenu, palikuwa na wafinyanzi wanawake katika kijiji cha Chikopwe. Walikuwa na bonde lao la udongo. Mama alichimba hapo, na mama yake mama alichimba hapo. Akaja tajiri mwenye tanuru za matofali, akazungushia bonde waya, akasema, "Hili ni langu." Wanawake wakambandika jina, Bwana Tofali, kisha wakamshitaki kwenye baraza la ardhi.

Kikundi chao kilikuwa na desturi. Kila mwaka kiliagiza kanga za sare, na aliyekiokoa kikundi mwaka ule ndiye aliyetoa jina, yale maneno yanayoandikwa kwenye kanga. Msidhani ni jambo dogo. Mwanamke wa Chikopwe atakusamehe ukimvunjia chungu, lakini jina lake la kanga usiliguse.

Mwenyekiti wao alikuwa Bi Asumini, mwanamke asiyejua kunong'ona. Ushahidi wao ulikuwa mmoja tu: video ya marehemu Bibi Somoe, aliyezunguka bonde zima na mkongojo wake akitaja kila shimo na aliyelichimba. Arobaini yake ilikuwa imeshapita, na shahidi mwingine hakuna. Video ilikuwa ndani ya kompyuta ya mezani ya fundi Bakili, mpiga picha za harusi. Baraza likaandika barua: "Leteni video nzima, isiyokatwa, kwenye flashi au kadi, Ijumaa kabla ya saa sita mchana." Barua ikafika Alhamisi jioni, na nani aliichelewesha msiniulize mimi.

Flashi zote za fundi zilikuwa zimekwenda na maharusi. Basi Tabia, mfinyanzi mpole, akatoa kadi yake ya kamera, pana kama stempu. Bi Asumini akaipokea, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akalikaza fundo kwa meno, kama wanawake wa kwao wanavyofunga kila chenye thamani.

Ijumaa saa tatu asubuhi wakaingia kwa fundi. Fundi akachomeka kadi, akaamuru video iandikwe. Kompyuta ikakataa: kadi imezuiwa kuandikwa.

Akaichomoa, akaipuliza, akaichomeka tena. Kompyuta ikakataa. Akaipangusa kwa shati. Ikakataa. Akahamia tundu la nyuma. Ikakataa. Akaizima kompyuta, akaiwasha, akasema bismillahi. Ikakataa vilevile.

"Imelogwa hiyo," mmoja akasema.

"Nani aloge?" Bi Asumini akafoka. "Bwana Tofali kuloga hawezi, anaweza kuzungusha waya tu. Fundi, endelea!"

Saa tatu ikawa saa nne, saa nne ikawa nne na nusu. Ndipo Sikudhani, mchora nakshi za vyungu, aliposema, "Hebu nipeni." Akaipapasa kadi ubavuni kwa vidole vyake vilivyozoea vitu vidogo. "Hapa pana kijino. Mbona kimeshuka?"

Fundi akajipiga paji la uso. "Ni kufuli lake! Kikishuka, kadi inasomeka lakini haiandikiki. Nani alikishusha?"

Bi Asumini aliangalia pindo la kanga yake, lililokuwa bado na mikunjo ya fundo, akaona haya mpaka masikio yakamwaka. Lakini alinyamaza, yeye asiyejua kunyamaza.

Sikudhani akakipandisha kijino kwa ukucha. Papo hapo umeme ukakatika. Betri ya akiba chini ya meza ikaanza kulia, pii, pii.

"Ina dakika kumi na tano," fundi akasema. "Video peke yake inataka kumi na mbili." Akaamuru. Kompyuta ikakataa: faili ni kubwa mno.

"Kwani nafasi haipo?"

"Ipo tele, Bi Asumini. Lakini kadi hii imepangwa kizamani, haipokei faili moja kubwa namna hii. Ni kama tanuru yenye mdomo mdogo, ndani mtungi unaenea, mlangoni haupiti. Labda tuikate video."

"Baraza limesema isikatwe."

"Basi niipange kadi upya. Na nikiipanga, kilichomo chote kinafutika."

Wote wakamgeukia Tabia. Ndani ya kadi zilikuwamo picha za mwanawe Faraji, aliyefariki mwaka juzi. Picha zake nyingine hazikuwapo popote.

"Zihamishie kwenye kompyuta kwanza," Bi Asumini akasema.

"Dakika hazitoshi. Umeme ungekuwapo, ningezihamisha zote."

Tabia hakulia. Alisema, "Faraji alijifunza kutembea ndani ya bonde lile. Futa."

Fundi akafuta. Video ikaanza kuingia. Ilipofika nusu, mlango ukasukumwa, na Bwana Tofali akasimama kizingitini.

"Bakili, chumba hiki unapanga kwangu. Chomoa kadi hiyo sasa hivi, ukae bure mwaka mzima. Usipochomoa, jioni vitu vyako viko nje."

Kuchomoa ni kazi ya kufumba na kufumbua, na kadi ikichomolewa inapoandikwa, faili linaharibika. Fundi alikisogeza kiti, akampa tajiri mgongo.

"Kadi haichomolewi inapoandikwa, bwana. Hata watoto wanajua. Kaanze kutoa vitu."

"Kuanzia kitanda!" Bi Asumini akaongeza. "Tutakusaidia kubeba!"

Video ikaingia yote, na betri ikanyamaza. Saa sita kasorobo kadi ilikuwa mezani kwa karani. Baraza likaitazama video, bonde likarudi kwa wenyewe, waya ukang'olewa. Na kweli jioni ile kitanda cha fundi Bakili kililala nje.

Zikaagizwa kanga. Mchapaji akauliza, "Jina?"

Sikudhani akasimama. "Bila vidole vyangu mngekuwa mnaipuliza kadi mpaka leo. Jina ni langu: KIDOGO CHANGU KIMEKUSHINDA."

Fundi Bakili naye akasimama. Wanawake wakaangua kicheko: mwanamume na jina la kanga wapi na wapi? "Chekeni," akasema. "Mama alinibeba kwa kanga, na alipokufa nilimfunika kanga. Ninyi mmerudishiwa bonde, mimi nimetolewa kitanda nje. Jina ni langu: SINUNULIKI NG'O."

Tabia alisimama wa mwisho. "Mimi sina maneno mengi. NIMEFUTA CHANGU, HUFUTI CHETU." Vigelegele vikapasua paa.

Bi Asumini, ambaye uamuzi ulikuwa wake, akafungua mdomo ampe Tabia jina. Lakini akashika pindo la kanga yake, akasema, "Fundo lile lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyekishusha kijino. Nisingelikaza, kosa la pili, lile la faili kubwa, tungeliona umeme ukiwapo, na picha za Faraji zingepona."

"Ala!" Sikudhani akasema. "Kumbe ukimpa Tabia, unalipa deni lako kwa zawadi ya kikundi. Lipa kwa chako, mwenyekiti!"

Tabia akamgeukia Bi Asumini. "Jina la kufutwa machozi silitaki," akasema. "Kama nimelistahili, nipe. Kama unajitakasa, kaa nalo."

Fundi Bakili, ambaye jina alilitaka yeye, akakuna kichwa. "Lakini Bi Asumini, ukimnyima ili usionekane unajitakasa, si utakuwa umemfutia mara mbili?"

Kanga zimeshachapwa maua na mji wa katikati, lakini pale pa jina ni peupe mpaka leo. Bi Asumini huikunjua yake kila asubuhi, akaitazama, akaikunja tena. Pindoni hafungi kitu siku hizi.

Mimi mzigo nimeutua hapa, ubebeni ninyi. Aliyeona, aliyefuta, na aliyekataa kuchomoa: lile jina lilikuwa la nani? Na wewe unayetaka kujibu upesi, hebu tazama kwanza pindo la kanga yako: umefunga nini humo?