Uyoga Mweupe wa Kichuguuni

Sogeeni, wajukuu, tukae karibu.

Mwaka wa njaa, Nyamizi aliingia porini kumtafutia mwanawe uyoga. Akaukuta mwekundu.

"Niache, mama, naua."

Akaukuta wa manjano.

"Niache, mama, naua."

Akaukuta mweupe, mnene, juu ya kichuguu.

"Nichume, mama, mimi mtamu!"

Akauchuma, akaupika.

Desturi ya kwao, aliyechuma hula peke yake, wengine hulala na njaa mpaka waone ameamka salama. Lakini mtoto alilia sana, Nyamizi akamtangulizia, naye akamaliza chungu chote.

Kulipokucha mtoto hakuamka.

"Wewe mwanamke, kwa nini hukula kwanza?" mama mkwe akamlilia.

"Alilia njaa, mama. Nikampa. Akaomba tena, nikampa."

Yangu yameishia hapo. Nendeni mkalale.